Shangazi Anajibu: Harusi si yetu, macho ni yetu

Toleo lililopita niliropoka kidogo tu. Nilisema mwaka 2011, siku Mwanamfalme William wa Uingereza anamuoa Kate, nilikaa mbele ya TV tangu wageni wanaanza kuingia kanisani mpaka lile busu la roshani, na kwamba nililia, na wala sioni aibu. Jamani! Barua zilizomiminika zimezidi hata zile za wanaoulizia waume zao wamelala wapi. Wengine wananicheka, wengine wananisema eti nasujudia wakoloni, wengine shida yao ni moja tu, lile gauni lilikuwa kitambaa gani. Basi leo ukurasa wote ni wa habari hiyo hiyo. Nyie wenye kesi za ndoa zenu wenyewe mnisubiri toleo lijalo, mmekaa nazo miaka, mwezi mmoja hautawaua.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 24, nimesoma, historia naijua, najua utawala wa hao watu ulifanya nini duniani. Lakini nikikutana na video ya harusi ya kifalme siwezi kuipita, nitaitazama mpaka mwisho na mwisho wenyewe naujua. Kaka yangu anasema nimerogwa. Kwa nini tunapenda jambo lisilotuhusu?

Marahaba mwanangu. Hujarogwa, na kama umerogwa basi tuko wengi, maana harusi ya Charles na Diana, wazazi wa William, ya Julai 29, 1981 inakadiriwa ilitazamwa na watu milioni 750 duniani, na hapo dunia haina intaneti wala simu ya mkononi, mtu anafuata TV ilipo.

Mimi nakwambia ninavyoona. Ukiniuliza siasa za Uingereza nitababaika, hilo bunge lao lenye nyumba mbili sijui nani anamzidi nani, ila harusi naijua! Namjua bwana harusi aliyekosa usingizi kwa kumtazama macho tu, namjua mama wa bibi harusi anayeuma midomo asilie mbele za watu, namjua na yule mgeni aliyekuja na kofia ya kuzibia wenzake. Kwenye harusi kila mtu ni mtaalamu, hahitaji kusomea. Sasa hawa wakubwa wamepata mlango ambao ufunguo wake tunao sote.

Na ukitaka kujua nasema nini, rudi kwenye video yako pale William anapomvisha Kate pete. Imetengenezwa kwa dhahabu ya Wales, ndo desturi yao tangu 1923, nyembamba, haina jiwe. Inaingia vizuri, ikifika kwenye kiungo cha kidole inagoma. Anasukuma. Haiendi. Anakaza tena, na Kate kanyoosha kidole chake kimya kama mtoto anayetolewa mwiba, askofu mkuu kasimama, kanisa zima lina watu 1,900 wanasikiliza. Sekunde chache tu hizo lakini pale hakuna mrithi wa kiti wala nini, kuna kijana na pete imembana. Au Diana kule 1981, ana miaka 20, anatakiwa aseme Charles Philip Arthur George, yeye akaanza na Philip Charles, kidogo aolewe na baba mkwe. Charles naye hakubaki nyuma, badala ya kuahidi kumgawia mali zake yeye akaahidi kumgawia mali zake Diana mwenyewe! Tunakumbuka hayo kuliko mahubiri.

Lakini mwanangu usidhani ilikuwa hivi tangu zamani, hii kazi ya kutazamwa wamejifunza. Malkia Victoria mwaka 1840 alifunga ndoa kwenye kanisa dogo la jumba la St James's, ya wakubwa kwa wakubwa. Westminster Abbey, kanisa kubwa la London, ilikaa zaidi ya miaka 500 bila harusi ya kifalme mpaka 1919. Jiulize kwa nini 1919. Vita Kuu imetoka kuisha, mfalme wa Urusi ameuawa, wa Ujerumani amekimbia, wa Austria ameondolewa, na hawa wa Uingereza wenyewe walikuwa na jina la ukoo la Kijerumani mpaka 1917 ndo wakalibadilisha wakajiita Windsor. Mtu akiona nyumba za jirani zinaungua hakai ndani kafunga madirisha. Wakatoka nje, wakaanza kuonekana. Hata hivyo waliingia maji kwa kuonja kwa kidole, mwaka 1923 redio iliomba kurusha harusi ya mtoto wa mfalme kutoka Abbey ikakataliwa, inasimuliwa wakubwa wa kanisa waliogopa watu wataisikiliza wakiwa baa na kofia kichwani. 1947 redio ikaruhusiwa, mwaka 1960 harusi ya Margaret, mdogo wake Malkia, ikaonyeshwa kwenye TV, na baada ya hapo ni mteremko tu.

Mfalme anayetawala anaweza kujificha na bado ukamuogopa. Huyu asiyetawala akijificha watu wataanza kuuliza yupo wa nini. Kwa hiyo harusi kwao si sherehe peke yake, ni kazi, tena pengine ndo kazi wanayoiweza kuliko zote. Kaka yako mwambie hivyo, kisha muulize fainali za mpira zinamhusu nini yeye.

Shangazi, mimi ni fundi cherehani. Naomba unijibu kifundi, si kishabiki. Gauni la Diana na la Kate, lipi kazi? Na hivi ni kweli bibi harusi kuvaa nyeupe ilianza na wao?

Hapa sasa! Ngoja nikae vizuri.

La Diana, wale mafundi wake ni mke na mume, David na Elizabeth Emanuel, walikuwa vijana bado, na nakwambia walivyolindwa kama wana siri ya bomu. Waandishi walikuwa wanachakura mpaka mapipa yao ya taka wapate japo kipande cha uzi, inasemekana wakawa wanatupa makusudi nyuzi za rangi tofauti kuwapoteza. Kitambaa ni hariri ya tafeta, mkia wa gauni futi 25, yaani kama mita saba na nusu, lulu zilizoshonewa zinatajwa 10,000. Sasa wewe fundi unaijua tafeta, haisamehi, ukiikunja imekumbuka. Na huyu binti amewekwa na mkia wake wote na baba yake ambaye naye si mdogo ndani ya gari la farasi la vioo ambalo hata watu wawili wembamba wanabanana. Walipofika ngazi za kanisa la St Paul's mlango ukafunguliwa, gauni likaanza kutoka, likatoka, likatoka, na lilipoisha kutoka dunia nzima ikaona mikunjo. Elizabeth Emanuel amekuja kusema baadaye alishtuka vibaya kuona vile. Kuna wasichana wadogo wa kubeba mkia wanauvuta na kuunyoosha kwa mikono wakati bibi harusi anapanda ngazi. Mimi kila nikiitazama ile nataka kuingia ndani ya TV na pasi. Lakini sijui kama ungekuwa umenyooka kama karatasi tungelikumbuka hivi. Na madukani nakala zake zilianza kuuzwa ndani ya saa chache, mafundi wenzako hawakulala usiku ule.

La Kate ni habari nyingine, limetulia. Fundi ni Sarah Burton wa nyumba ya mitindo ya Alexander McQueen, mkia wake ni mita 2.7 tu, mikono mirefu ya lesi. Ila kazi iko kwenye hiyo lesi. Maua yamekatwa moja moja na kushonewa kwa mkono na mafundi wa shule ya kifalme ya kutarizi, walikuwa wananawa mikono kila nusu saa lesi isichafuke, na sindano wanabadilisha kila baada ya saa tatu ili iwe kali na safi muda wote. Vifungo 58 mgongoni. Mwenyewe fundi fikiria unanawa mikono kila nusu saa na bosi wako anataka kazi iishe kwa siri! Kwa hiyo ukiniuliza kifundi, la Kate ndo kazi, la Diana ndo sinema. Nimejibu.

Kuhusu nyeupe, hawakuigundua, mabibi harusi wa kuvaa nyeupe walikuwepo ila kwa matajiri wa Ulaya rangi na nakshi za fedha ndo ilikuwa fahari. Victoria mwaka 1840 akavaa nyeupe akaweka lesi ya Honiton, makusudi kabisa awapatie biashara wafuma lesi wa nchini kwake waliokuwa wanakufa njaa kwa sababu ya mashine. Picha zikasambaa, matajiri wakaiga, wengine wakaiga matajiri, na leo mtu hajui hata Victoria ni nani lakini akisikia harusi anawaza nyeupe.

Na lipo moja halitajwi sana, la Elizabeth mwenyewe, aliyekuja kuwa Malkia, Novemba 20, 1947. Vita imeisha lakini nguo bado ni za mgao, mtu hununui kitambaa bila kuponi. Serikali ikampa binti wa mfalme kuponi 200 za nyongeza. Watu wakaanza kumtumia kuponi zao kwa posta, wanawake ambao wenyewe hawana nguo, na zikarudishwa zote maana kisheria kumpa mtu mwingine kuponi yako ilikuwa kosa. Hilo la kuponi linanigusa kuliko lulu. Asubuhi yenyewe ya harusi taji dogo likakatika akiwa anavishwa, likakimbizwa kwa sonara na polisi, shada la maua likapotea likaja kukutwa kwenye kabati la baridi, mkufu wa lulu ukagundulika umeachwa jumba jingine kwenye maonyesho ya zawadi. Nyie ambao harusi zenu keki ilichelewa, poleni ila mko kwenye kundi zuri.

Wewe Shangazi unatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hebu sema ukweli, NANI ANALIPA? Watu wa Uingereza wanakatwa kodi ili mtu apande gari la farasi. Mimi ningekuwa Muingereza ningeandamana.

Kaka yangu, punguza herufi kubwa, nasikia.

Harusi zenyewe, ya 2011 na ile ya Harry, mdogo wake William, na Meghan ya 2018, walitangaza kwamba familia ndo inalipa kanisa, maua, muziki na chakula, na kwa Kate wazazi wake nao walichangia. Kodi ya wananchi ililipa ulinzi, na ulinzi wa siku kama ile si mgambo wawili getini, ni hela ndefu. Kwa hiyo hapo una hoja.

Kwa mwaka mzima ni hivi. Kuna mali inaitwa Crown Estate, ardhi, majengo ya katikati ya London, mpaka chini ya bahari kuzunguka nchi ambako siku hizi wanakodisha sehemu za kusimika mitambo ya umeme wa upepo. Ni ya taji lakini si ya mfalme binafsi, hawezi kuiuza akatia mfukoni, faida yake inaingia serikalini tangu makubaliano ya George wa Tatu mwaka 1760. Serikali nayo inampa mfalme ruzuku inayopigwa kwa asilimia ya faida hiyo. Ilianza 2012 na asilimia 15, ikapandishwa 25 ili kukarabati Buckingham Palace ambayo mabomba na nyaya zake zimezeeka, bajeti pauni milioni 369, kisha ikashushwa 12 kwa sababu huo umeme wa upepo umeleta faida kubwa mno. Hata baada ya kushushwa bado ruzuku ilipanda, kutoka pauni milioni 86.3 hadi milioni 132.1 kwa mwaka 2025 hadi 2026. Ulinzi haumo humo. Na mfalme ana mali nyingine ya Duchy of Lancaster inayomuingizia yake, na mtoto wake ana ya Cornwall. Kodi ya mapato Malkia alianza kulipa 1993, tena kwa hiari, ila mali ikitoka kwa mfalme kwenda kwa mfalme haikatwi kodi ya urithi. Hapo hata mimi shabiki naguna.

Watetezi wanasema watalii wanarudisha hela. Kuna ukweli wake, gauni la Kate lilipowekwa Buckingham Palace kiangazi kile cha 2011 walipita watu zaidi ya 600,000 kulitazama. Wapinzani wanasema jumba la Versailles la Ufaransa halina mfalme na watalii wanajaa. Nao kweli. Na wa kuandamana wapo, usidhani uko peke yako, siku Charles anatawazwa Mei 6, 2023 walikusanyika London na mabango ya njano wakiimba huyu si mfalme wangu, viongozi wao wakakamatwa na polisi asubuhi kabla hata shughuli haijaanza, polisi wakaja kusema wanasikitika. Kura za maoni kule miaka mingi zinaonyesha vijana hawana hamu na ufalme kama wazee wao. Kwa hiyo ungekuwa Muingereza ungeandamana, na mimi jioni ningekutumia link ya gauni.

Shangazi mpendwa, mimi ni msichana wa kawaida. Kate naye si alikuwa wa kawaida? Kwa hiyo inawezekana?

Mwanangu, wa kawaida kuna wa kawaida na wa kawaida. Upande wa mama yake Kate ukirudi nyuma kuna wachimba makaa ya mawe wa Durham, hiyo kweli. Mama yake alikuwa mhudumu wa ndege, baba naye kwenye shirika la ndege hilo hilo, wakafungua biashara ya vifaa vya sherehe za watoto ikawatajirisha, binti akasoma shule za ada kubwa. Akakutana na William chuo kikuu cha St Andrews mwaka 2001. Harusi 2011. Umehesabu? Miaka kumi! Katikati hapo 2007 wakaachana kidogo wakarudiana, na magazeti ya udaku yakambandika jina la kumcheka kwamba kazi yake kusubiri tu. Mwaka 2010 wakaenda Kenya kupumzika, kijana anatembea na pete kwenye begi la mgongoni kama wiki tatu anaogopa kuipoteza, maana ndo ile ya mama yake Diana, yakuti ya samawati imezungukwa na almasi 14. Akamuuliza huko huko.

Kisheria zamani ingekuwa ngumu kweli. Walikuwa na sheria ya 1772 kwamba mtu wa ukoo hawezi kuoa bila ruhusa ya mfalme, na nyingine ya 1701 kwamba ukioa Mkatoliki umejitoa kwenye foleni ya kiti. Sheria mpya ilipitishwa 2013, ikaanza kazi 2015, sasa ruhusa wanaomba wale sita wa mwanzo tu, Mkatoliki ruksa, na mtoto wa kike aliyezaliwa baada ya Oktoba 28, 2011 haachwi nyuma kwa sababu mdogo wake ni wa kiume. Ndo maana Charlotte, binti wa William na Kate, alibaki mbele ya mdogo wake Louis.

Lakini kilichobadilika zaidi ni hili la talaka. Edward wa Nane alipanda kitini Januari 1936, akataka kumuoa Wallis Simpson, Mmarekani, ameshaachika mara moja na talaka ya pili iko njiani. Wakasema haiwezekani. Desemba 11 mwaka huo huo akaachia kiti, hajamaliza hata mwaka. Haya, 2005 Charles akamuoa Camilla, wote wameachika, ndoa ikafungwa ofisini kwenye ukumbi wa mji wa Windsor, Malkia hakwenda hapo ila alikwenda kwenye baraka kanisani. 2018 Harry akamuoa Meghan, naye kaachika, kafungishwa ndani ya kanisa na Askofu Mkuu wa Canterbury mwenyewe. Kilichomng'oa mfalme mzima 1936, kwa Harry hakikuwa hata mjadala, mjadala ukawa mwingine kabisa.

Kwa hiyo inawezekana, ila muda wa kusubiri unao?

Umemtaja Meghan hivi hivi ukapita. Shangazi usikwepe. Ile harusi ilikuwa nzuri kuliko zote, ilikuwaje ikaharibika? Nani mkosaji?

Sikwepi, nilikuwa najipanga.

Ile ya Mei 19, 2018 kweli ilikuwa nzuri, na mimi nilikaa kwenye kiti kilekile. Askofu Michael Curry kutoka Marekani anahubiri upendo, mikono hewani, anachomoka kwenye karatasi anarudi, na wale wenyeji waliozoea mahubiri ya kusomewa wanatazamana chini ya kofia. Kwaya ya injili. Kijana wa miaka 19 anapiga selo. Shela ya mita tano imetariziwa ua la kila nchi ya Jumuiya ya Madola, nchi 53. Baba yake Meghan hakuja, akasindikizwa na baba mkwe. Na picha ambayo haijanitoka ni ya mama yake, Doria, amevaa kijani mpauko, amekaa upande wake wa kanisa peke yake, hana ndugu kulia wala kushoto, ananyamaza na macho yamejaa. Upande wa pili wamejaa wafalme.

Watu walisema siku ile kwamba ufalme umebadilika. Mi nadhani siku ile harusi ndo ilibadilika. Ufalme ni watu walewale, ofisi zilezile, na magazeti yaleyale ambayo Harry mwenyewe Novemba 2016, kabla hata ya uchumba kutangazwa, alishatoa tamko kulalamikia yanavyomuandika mpenzi wake kwa ubaguzi wa rangi. Januari 2020 wakatangaza wanajitoa kwenye majukumu. Machi 2021 wakakaa na Oprah, yule mtangazaji wa TV wa Marekani, wakasema kulikuwa na mazungumzo ndani ya familia kuhusu mtoto atatoka na rangi gani, na yeye Meghan alifika hatua hataki kuishi. Jumba la kifalme likajibu kwa sentensi chache, moja ikisema kumbukumbu zinaweza kutofautiana. Hayo ndo maneno ya mtu mzima akigombana na wakili pembeni.

Nani mkosaji? Mimi sikuwepo chumbani, na wewe hukuwepo. Ninachojua ni kwamba sisi watazamaji nasi tumo. Mchumba wa mfalme mtarajiwa tunamtazama siku ya harusi tukiwa na mapenzi, kesho yake tunamtazama tukiwa na rula, kanenepa, kakonda, kashika tumbo, kwa nini kavaa lile. Diana alifia Paris Agosti 31, 1997 kwenye gari lililokuwa linafuatwa na wapiga picha, na hizo picha zingeuzwa kwa nani? Tukasema hatutarudia. Haya, Machi 2024 Kate hajaonekana muda, mitandao ikawaka, yuko wapi, wameachana, wamemficha, ikatoka picha yake na watoto watu wakaikuza wakaona imehaririwa, mashirika ya habari yakaiondoa, ikawa kicheko dunia nzima wiki mbili. Machi 22 akakaa kwenye benchi bustanini akasema ana saratani na anatibiwa. Mimi nilikuwa nimetuma ile picha kwenye magrupu matatu na vikatuni vya kucheka. Nilizifuta, lakini mtu akishaona ameona.

Maswali mafupi mafupi

*Mume wa Malkia Elizabeth kwa nini hakuitwa mfalme, mbona Camilla ni malkia?* Kwa sababu kwao mke wa mfalme anaitwa malkia kwa ndoa tu, ila neno mfalme linachukuliwa kuwa kubwa kuliko malkia, sasa mume akiitwa mfalme ataonekana amempita mwenye kiti. Philip alizaliwa mwanamfalme wa Ugiriki na Denmark, akaacha vyeo hivyo kabla ya kuoa, akapewa cheo cha mwanamfalme wa Uingereza mwaka 1957.

*Hivi mfalme anaweza kukataa sheria ya bunge?* Kwenye karatasi ndiyo. Wa mwisho kukataa ni Malkia Anne mwaka 1708. Kila wiki anakutana na waziri mkuu faragha, anasikiliza, anashauri, mkutano unaisha.

*Busu la roshani ni desturi ya miaka mingapi?* Fupi kuliko unavyodhani, walioanzisha ni Charles na Diana, umati chini ulikuwa unawaomba. William na Kate walitoa mawili.

*Shada la bibi harusi mbona hawatupii wasichana?* Linawekwa kwenye kaburi la askari asiyejulikana pale Westminster Abbey. Alianzisha Elizabeth Bowes-Lyon, mama wa Malkia, 1923, anaingia kanisani akaliacha hapo, kaka yake Fergus alikuwa ameuawa vitani 1915. Meghan alifunga ndoa Windsor lakini la kwake lilipelekwa pia.

*Ile kofia ya Beatrice, binamu yake William, kwenye harusi ya 2011, iliyofanana na pembe za kulungu, iliishia wapi?* Ilichekwa dunia nzima, na yeye akacheka mwisho, akaipiga mnada kwenye mtandao wa eBay ikauzwa pauni 81,100 na senti moja, hela ikaenda kwa watoto wenye shida. Hiyo senti moja ya mwisho ndo inanifurahisha.

*Shangazi, ni kweli kuna mtu amehifadhi keki ya Diana mpaka leo?* Kweli. Kipande kimoja chenye sukari ya juu na nembo ya kifalme alipewa mtu aliyekuwa anafanya kazi kwa mama yake Malkia, akakifunga na plastiki akakiweka kwenye kopo la keki. Mwaka 2021 kilipigwa mnada kikauzwa pauni 1,850. Miaka 40 kwenye kopo. Na wewe uliyeandika kuuliza kama kinaliwa, hapana mwanangu, usile.